Mfalme wa Kijiji Namba Nne

Nyawira alisikia habari ya mfalme akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na nane, na jua lilikuwa limekaza mpaka majani ya kahawa yamejikunja. Alipofika kwenye lango la kijiji aliwakuta watu wamesimamishwa juani kama kawaida, na Kagwe amepanda juu ya debe lililopinduliwa, tumbo mbele, fimbo kwapani.

Kagwe alikuwa hedimani, yaani mkuu aliyewekwa na serikali, wa Kijiji Namba Nne, mojawapo ya vijiji vile walimorundikwa watu wakati wa Hali ya Hatari, kati ya Ruiru na Thika, huku handaki na huku waya wa miiba.

"Wazungu wa sinema wamekuja," alitangaza. "Wanataka watu sitini. Wanatengeneza mchezo wa mfalme wa zamani wa Waafrika. Mambo ya jumba la mfalme, mawaziri wanakula njama, ndugu anampindua ndugu. Utaonyeshwa London, ndani ya sanduku lenye kioo ambalo watu wa huko wanaweka nyumbani, wanaliita televisheni." Akaichomoa fimbo kwapani. "Na mfalme wamemchagua tayari. Mfalme ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Ungemchekaje mtu ambaye ndiye anayeandika pasi ya kukutoa langoni?

"Sisi tulikuwa na mfalme lini?" mzee Githinji alinong'ona nyuma ya Nyawira. "Kila kilima kilikuwa na wazee wake, mambo yakaamuliwa kwa mazungumzo. Huyo mfalme wamemtoa wapi?"

Lakini walimtoa pale pale. Ilisemekana yule Mzungu mkubwa wa sinema alizunguka vijiji vitatu akitafuta mtu mwenye mwili wa kifalme. Katika miaka ile, mtu mnene katika Kijiji Namba Nne alikuwa mmoja tu, na kila mtu alijua alinenepea wapi.

Nyawira alishusha kuni zake. Alikuwa na mambo yake yaliyomkaa rohoni, na yote yalikuwa na jina la Kagwe.

Mumewe, Ephantus Ndung'u, alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne. Asubuhi ile homgadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, walikuja kumi na wawili, Kagwe mbele yao. Walipomaliza kumfunga Ephantus mikono, Kagwe mwenyewe alichomoa kijinga cha moto jikoni kwa Nyawira, akakichomeka kwenye paa la nyasi. Jiko lilikuwa la Nyawira, moto ulikuwa wa Nyawira, na uji wa binti yake Waithira na wadogo zake ulikuwa bado mekoni. Baada ya hapo wakaswagwa kama mbuzi hadi mahali palipoitwa kijiji, ambapo hapakuwa na kijiji, palikuwa na vigingi tu ardhini. Mama mkwe wake, Wakonyo, alilala majuma mawili kwenye mvua wakati wenye nguvu wakijenga vibanda. Juma la tatu hakuamka.

Ephantus alikuwa angali kizuizini. Shamba lake la ekari nne, kwenye mteremko wa kuelekea mto Ndarugu, lilibaki bila mtu wa kulilima. Halafu serikali ikaja na habari ya kupima mashamba upya, kuyaunganisha na kuyaandika kwenye ramani, kila mtu na kipande chake. Kamati ikachaguliwa. Kagwe akawa ndani ya kamati. Na siku Nyawira alipokwenda kuuliza shamba la mumewe limeandikwa wapi, karani alimwambia bila hata kuinua macho, "Hilo liliuzwa zamani. Ndung'u alimuuzia Kagwe."

"Nani alishuhudia?"

"Kagwe amesema."

Huo ndio uliokuwa ushahidi wote. Kagwe amesema.

Karani alimpa siku ya kuleta malalamiko: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, katika ofisi ya Bwana DO, Mzungu mtawala wa tarafa, huko Thika, na aje na shahidi. Pasi ya kwenda Thika huandikwa na Kagwe. Alipomwomba, Kagwe alisugua meno kwa kijiti chake, akamwambia, "Ijumaa wewe unachimba barabara."

Shahidi alikuwepo mmoja tu aliyebaki hai na huru, naye ni mzee Githinji. Yeye ndiye aliyesimamia mpaka wa shamba lile ulipopandwa matoka, yale maua ya mpakani ambayo hayang'olewi na mtu mwenye akili timamu. Alikunywa pombe ya siku hiyo, akala nyama ya siku hiyo. Nyawira alikuwa amemwendea mara mbili.

"Binti yangu," mzee alimjibu mara ya pili, macho chini, "nina wajukuu sita ndani ya handaki hili. Ukiwa na sita, mdomo unakuwa mzito."

Nyawira hakumlaumu kwa maneno. Lakini njia nzima ya kurudi kibandani alikuwa amejaa hasira, na hakujua amkasirikie mzee, Kagwe, karani, au Mungu aliyetazama mambo hayo yote na kunyamaza.

*

Jumatano ya juma la mwisho wa mwezi lori lilikuja kuwachukua. Watu sitini walipelekwa ukingoni mwa Ndarugu, kwenye uwanda ambao ukisimama unaona Kilimambogo kimelala kwa mbali kama ng'ombe aliyeshiba. Mafundi kutoka Thika walikuwa wamejenga jumba la mfalme kwa nguzo za mkonge na matete. Mbele lilikuwa la fahari, limepakwa rangi nyekundu na dhahabu, na nyuma halikuwepo kabisa, ni miti tu ya kulishikilia lisianguke. Ndani kulikuwa na kiti cha enzi kilichofunikwa ngozi ya chui. Kagwe alikuwa amekwisha kukikalia. Walimvika joho la pazia jekundu na taji la bati lililong'arishwa, naye alikuwa ameinua kidevu kana kwamba amezaliwa nalo.

Mzungu mkubwa wa sinema alikuwa mtu mwembamba, mwekundu, asiyetulia. Jina lake hakuna aliyeliweza. Kila kitu kikifanywa alipaza sauti kifanywe tena, na mkalimani wake alitafsiri kwa neno moja, "Rudia!" Kabla ya saa nne watu wote walikuwa wakimwita Bwana Rudia.

Mkalimani aliitwa Mwanzia, Mkamba wa upande wa Kilimambogo, mtu wa makamo aliyejifunza Kiingereza jeshini huko Burma. Huyo ndiye aliyekuja na Bwana Rudia kupita mbele ya wanawake waliopangwa mstari. Bwana Rudia alipita, akarudi, akamwonyesha Nyawira kidole.

"Wewe mama, toka," Mwanzia alisema. "Anapenda uso wako. Anasema una uso wa mtu aliyepoteza kitu."

Nyawira alitoka. Wakamvika shuka nyeusi na shanga shingoni, Mwanzia akamweleza kazi yake.

"Hadithi iko hivi, mama. Huyu mfalme si mfalme halali. Kaka yake ndiye mwenye kiti, lakini kaka alikamatwa akafungwa mbali. Mdogo akatwaa kiti, akatwaa nyumba, akatwaa na ardhi ya kaka yake. Mawaziri wanajua ukweli ila wanaogopa. Sasa wewe ni mke wa yule aliyefungwa. Unaingia barazani, unapiga magoti mbele ya mfalme, unadai mali ya mumeo."

Nyawira alimkazia macho. "Nani amekwambia habari zangu?"

"Habari gani?"

"Nani amekutuma unicheke?"

Mwanzia alishangaa. Aliinua makaratasi aliyokuwa nayo mkononi. "Mama, haya yameandikwa London. Mimi mwenyewe nimeyaona juzi."

Nyawira alimwangalia tena, akaona hadanganyi. "Na nitasema nini?"

"Chochote. Sema Kikuyu chako. Huko kwao wataifuta sauti, waweke mwanamke wao aseme Kiingereza juu yake. Hata ukitaja majina ya kuku wako ni sawa, bora uso uwe na uchungu."

*

Walipanga baraza. Mawaziri wanne, wazee wa kijiji, walisimama kulia kwa mfalme na fimbo ndefu. Wa kwanza wao alikuwa mzee Githinji, amevishwa ngozi ya mbega. Kazi yake ilikuwa kuinama na kumnong'oneza mfalme ushauri mbaya. Wengine walijaa pande zote mbili kama raia. Kando kabisa, chini ya mwavuli mkubwa, Bwana DO alikuwa ameketi na mkewe kwenye viti vya kukunja, wanakunywa chai na kutazama. Yeye ndiye aliyetoa kibali, basi amekuja kuona kibali chake kinafanya kazi gani.

Kengele ikagongwa. Kamera ikaanza kunguruma. Nyawira akaingia, akatembea mpaka mbele ya kiti, akapiga magoti. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Rudia!"

Wakati Nyawira anainuka, Kagwe aliinama kutoka kitini mpaka harufu ya ugoro ikamfikia. Alisema polepole, akitabasamu, "Magoti yashuke zaidi, mama Waithira. Kwani hukuzoea?"

Kauli ile ilimwingia Nyawira kama mwiba. Mwaka ule wa hamsini na nne, juma moja baada ya kumzika mama mkwe wake, Kagwe alimpigisha magoti langoni kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, mikono kichwani, kwa sababu alikataa kusema mumewe alikula kiapo cha wapiganaji wa msituni na nani. Watu walipita wakitazama pembeni. Magoti yake yalikuwa na makovu mpaka leo. Na huyu alikuwa akiyachekea hayo makovu, amekaa juu ya ngozi ya chui, amevaa pazia!

Kengele ikagongwa mara ya pili. Nyawira aliingia, akafika mbele ya kiti, na hakupiga magoti.

"Kagwe," alisema. Sauti yake ilitoka safi, na watu sitini wakainua vichwa kwa pamoja. "Nimekuja kwa ajili ya shamba la Ephantus Ndung'u. Ulisema alikuuzia. Alikuuzia siku gani? Alikuuzia akiwa amefungwa mikono? Au alikuuzia kutoka kizuizini, barua ikaletwa na ndege? Hukununua, wewe uliiba. Ulingoja mwenye mali afungwe, ukavuka mpaka na jembe lako."

Kagwe alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Akaruka kutoka kitini, taji likamwangukia sikioni.

"Nyamaza! Funga mdomo, mbwa wewe!"

Bwana Rudia alipiga kelele. Alikimbia mbele, mikono juu, akaongea haraka haraka. Mwanzia akatafsiri huku ameshika kidevu ili asionekane anacheka.

"Bwana anasema mama amefanya vizuri sana. Lakini mfalme ameharibu. Mfalme hasimami kwa sababu ya mwanamke. Mfalme anakaa, anasikiliza, anameza."

"Huyu mwanamke ananitukana!" Kagwe alifoka kwa Kiswahili. "Mwambie Bwana! Ananitukana mbele ya watu!"

Mwanzia akamwambia Bwana. Bwana Rudia alicheka kwa furaha, akampigapiga Kagwe begani, akamnyooshea taji.

"Anasema ndiyo, anakutukana. Ndivyo hadithi ilivyo. Kaa."

Kagwe aligeuka kumtazama Bwana DO. Bwana DO aliinua kikombe chake cha chai kumtia moyo. Basi angefanya nini? Angemweleza nini Bwana DO mbele ya Wazungu wote hawa, kwamba anaomba sinema isimame kwa sababu shamba alilolichukua linatajwa? Alirudi kitini. Akakaa. Jasho lilianza kumtoka chini ya bati.

"Rudia!"

Nyawira aliporudi mlangoni kungoja kengele, hofu ilikuwa imemwisha. Miaka minne alikuwa amesema maneno haya moyoni, wakati wa kupalilia kahawa ya wenyewe, wakati wa kuchota maji, wakati wa kuchimba barabara, na hakuwahi kupata mahali pa kuyatua. Sasa kumbe mahali pamejengwa. Mzungu asiyejua hata jina lake amemjengea baraza, amemkalisha mwizi kwenye kiti, na amemkataza asiinuke.

Kengele.

"Kagwe, sikiliza," alisema, na safari hii alisogea mpaka vidole vya miguu yake vikagusa ngozi ya chui. "Ulichukua moto jikoni kwangu ukachoma nyumba yangu kwa moto wangu mwenyewe. Mama Wakonyo, aliyekulisha ukiwa mdogo mama yako alipougua, ulimlaza kwenye mvua mpaka akafa. Hukuja hata kumzika. Ulinipigisha magoti langoni, na leo umeniuliza kama nimezoea. Sikuzoea! Mtu hazoei. Anahesabu siku tu. Na shamba ulilolima, uling'oa matoka yake. Uling'oa mpaka uliopandwa na wazee. Kuna mtu hapa aliyeupanda."

Akageuka. Hakupanga kugeuka. Shingo iligeuka yenyewe.

"Mzee Githinji. Wewe unajua. Umevaa ngozi ya mshauri wa mfalme, basi mshauri mfalme wako. Lile shamba ni la nani?"

Kamera ilikuwa ikinguruma. Githinji alikuwa ameambiwa ainame amnong'oneze mfalme, na kweli alianza kuinama, kwa mazoea ya mtu aliyeinama miaka mingi. Akafika nusu. Halafu akasimama wima.

"Ni la Ndung'u," alisema. Kisha, kama mtu aliyepata koo lake baada ya kulipoteza, akarudia kwa sauti kubwa. "Ni la Ndung'u! Baba yake alilifyekea msitu mimi nikiwa kijana. Matoka niliyapanda kwa mikono hii. Hakuna siku liliuzwa. Mkinichimbisha barabara, nichimbisheni, lakini halikuuzwa!"

"Na moto tuliuona sote," sauti ya mwanamke ilisema kutoka kwa raia. Alikuwa Ngendo, jirani yake Nyawira, mtu asiyepaza sauti hata akiumwa na siafu. "Tuliuona, tukanyamaza."

Mvumo ukapita katika watu sitini kama upepo katika mahindi. Hakuna aliyewaambia wavume. Kagwe alikaa kwenye kiti chake, mikono imekamata ngozi ya chui, uso umekuwa rangi ya majivu, na hakuinuka. Alikuwa amekatazwa kuinuka.

Bwana Rudia aliacha kamera iendelee mpaka utepe ukaisha. Kisha alivua kofia yake, akaja akamshika Nyawira mikono yote miwili, machozi karibu yamtoke. Akamuuliza Mwanzia jambo.

"Anataka kujua umesema nini," Mwanzia alimwambia Nyawira. Halafu bila kungoja akajibu kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno. Baadaye aliwaeleza watu alichotafsiri. "Nilimwambia: mama anasema huyu mtu amechukua shamba la mume wake aliyefungwa, na mzee anasema ni kweli, na watu wanasema walijua wakanyamaza. Bwana akafungua makaratasi yake akaniambia, ajabu, ndivyo ilivyoandikwa! Sijawahi kupata kazi rahisi namna hiyo."

*

Kagwe alimngojea Nyawira kando ya lori, joho limevuliwa, amerudi kuwa hedimani.

"Ijumaa," alimwambia, "hutoki langoni. Na yule mzee wako nitamwonyesha barabara inavyochimbwa."

Zamani Nyawira angeinamisha kichwa. Safari hii alimpita tu, akapanda lori. Wanawake walisogea kumpa nafasi. Ngendo alimshika mkono na hakuuachia mpaka wakafika.

Kilichomponyesha ni karatasi. Bwana DO alikuwa ametia sahihi barua kwa kila mtu wa sinema: mwenye barua hii apite popote kati ya Ruiru na Thika bila kuzuiwa, mpaka Jumamosi. Alhamisi Mwanzia alimpa Nyawira ya kwake, na mzee Githinji ya kwake. "Sinema Ijumaa haina kazi nanyi," aliwaambia, "lakini karatasi haijui hilo."

Ijumaa walitoka langoni umande ukiwa haujakauka, homgadi akiigeuzageuza barua ile, sahihi ya Bwana mkubwa ikimtazama, asijue la kufanya. Walitembea kwa miguu mpaka Thika. Mzee alikuwa akipumzika kila mara, na kila alipopumzika alisema, "Twende," kabla Nyawira hajauliza.

Ofisini, Bwana DO alimtambua mara moja. Uso wake ulikunjuka. "Aa! Malkia!" alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Mzuri sana, ile siku. Mke wangu alilia."

Kamati iliketi upande mmoja wa meza, wanaume watano, Kagwe wa tatu. Nyawira alisema yale yale aliyoyasema mbele ya kiti cha enzi, safari hii kwa Kiswahili, bila shanga. Githinji alishuhudia. Karani aliandika. Bwana DO alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo tabasamu lilivyomtoka, kwa sababu alianza kuelewa kilichomliza mkewe.

Kisha walizungumza wenyewe kwa muda mrefu, ramani imefunguliwa mezani. Nyawira na mzee waliwekwa nje. Walipoitwa tena, Bwana DO hakumtazama machoni.

"Shauri limekwisha," alisema. "Tumeona kulikuwa na kosa kidogo katika kuandika. Ndung'u atapata ekari mbili za chini, karibu na mto. Mbili za juu, Kagwe ameshapanda kahawa. Ramani imekwisha kuchorwa. Haiwezi kubadilika yote."

"Za chini ni mawe," Githinji alisema.

"Ni ekari mbili," alisema Bwana DO. "Wengine hawakupata hata moja. Mwambie aweke dole gumba hapa, na aseme asante."

Karani alisukuma karatasi. Nyawira aliitazama. Kwa upande mmoja wa meza, Kagwe alikuwa akitazama dirishani, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kupanda.

Aliweka dole gumba. Alikuwa na watoto, na mawe pia hulimwa. Lakini asante hakuitoa.

"Bwana," alisema kwa Kiswahili ambacho hakikuhitaji mkalimani, "mtu akiiba mbuzi wako wawili, halafu umkamate, akurudishie yule kilema na amzuie mnono mbele ya macho yako, wewe utamwambia asante? Aliyechoma nyumba amekaa mezani. Aliyechomewa amesimama mlangoni. Na mnaniambia kosa kidogo. Kidogo kwa nani?"

Bwana DO alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alimwambia askari amtoe. Askari alimshika mkono kwa upole usio wa kawaida, akamtoa, na walipofika nje alimwachia akamwambia chinichini, "Nenda salama, mama."

Mzee Githinji alitolewa kwenye orodha ya wazee wa kijiji, na akachimba barabara majuma matatu, umri ule wote. Kagwe alihakikisha. Wajukuu wa mzee waliomba kumchimbia, wakakataliwa. Lakini kila jioni alipokuwa akirudi na jembe begani, watu walisimama kando ya njia kumsalimu, mmoja mmoja, kwa sauti, Kagwe akiwa anasikia. Hawakuweza kufanya zaidi ya hayo. Nyawira aliona kuwa hayatoshi, na aliwaambia hivyo.

*

Ephantus Ndung'u aliachiliwa mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya mahindi. Alishuka kwenye gari la moshi Ruiru akiwa amekonda mpaka koti linamning'inia, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, naye hakuwa ametimiza miaka arobaini. Siku ya tatu alimwomba Nyawira ampeleke shambani.

Walishuka mteremko wa Ndarugu pamoja. Nyawira alikuwa amekwisha kuyatoa mawe makubwa, kwa mikono, yeye na Ngendo, wakayapanga ukingoni. Katikati palikuwa na mahindi, mafupi lakini yamebeba, na maharagwe yakitambaa kati yake. Ephantus alipita akiyagusa majani kwa vidole. Kisha akainua macho, akaitazama sehemu ya juu, udongo mwekundu usio na jiwe ambao baba yake aliufyekea msitu. Kahawa ya Kagwe ilikuwa imesimama mistari mirefu ya kijani, inang'aa.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Nyawira alisimama kando yake akingoja, na alijua mtu akitoka kule alikotoka Ephantus hana nguvu nyingi zilizobaki, na alitaka kumhurumia.

"Angalau," Ephantus alisema mwishowe, akipumua, "angalau tumepata hiki."

Nyawira aligeuka akamtazama mume wake usoni.

"Baba Waithira, nitakupikia, nitakukandia miguu, nitakuacha ulale mpaka uchovu wote uishe," alimwambia. "Lakini neno hilo usilitamke hapa. Wao ndio wanataka tuseme angalau. Wewe tazama juu kule, useme ni la nani."

Upepo wa mtoni ulikuwa ukipitia kwenye mahindi. Ephantus akalitazama shamba la juu tena, safari hii bila kuteremsha macho.

"Ni letu," alisema.

"Ndiyo," Nyawira alisema. Akainama, akaokota jiwe lililokuwa limejitokeza kwenye mstari wa maharagwe, akaenda kulitupa ukingoni.